Leza ya Nasser Road: mashine nzuri, fundi Mungu anajua

Nitoe hukumu mapema, mwenye haraka asihangaike kusoma: kama una karatasi uliyoitengeneza kwa mikono yako, duka hili la kukata kwa mashine ya leza, barabara ya Nasser Road, usiende. Kama unataka muhuri wa raba au kibao cha akriliki cha mlangoni, nenda tu, hayo wanayaweza.

Nasomea ubunifu hapa Kampala, na kazi yangu ya mwisho wa muhula ilikuwa taa za karatasi zenye nakshi ya ukili, ile ya mikeka. Karatasi yenyewe si ya dukani. Ni nyuzi za mgomba: unazichemsha na magadi mpaka zilainike, unazitwanga, rojo unaichota kwa fremu ya wavu, unakandamiza maji yatoke, unaanika. Na ilikuwa msimu wa mvua. Jua likichomoza unatandaza, wingu likipita unakusanya mbio. Mama mwenye nyumba alishachoka na mimi na masufuria yangu.

Sasa ukibeba kitu kama hicho kwenye takisi, daladala za huku, umekipakata mapajani watu wasikikunje, unategemea angalau kupokewa kama mtu.

Nilimkuta fundi anakata reksini, ile ya plastiki ya kushonea viti. Harufu ilinipokea mlangoni, kali, inachoma pua. Reksini ya PVC haiingizwi kwenye leza! Ikiungua inatoa moshi wenye klorini, sumu kwa mapafu yake mwenyewe, na lenzi na vyuma vya mashine vinaliwa polepole. Nikamwuliza kwa adabu, "Kaka, hiyo si PVC?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Nyabo, umekuja kukata au kukagua?"

Nikanyamaza, nikampa karatasi. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza, akamwambia mwenzake kwa Luganda kwamba nimewaletea maganda ya matoke. Wakacheka. Luganda nakisikia vizuri, asante. Nchi hii ufundi wake wa kutengeneza nguo ya magome ya mtuba umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, halafu kijana wa mjini anaona nyuzi za mgomba ni za jalalani.

Nilimwomba jambo moja tu: ajaribu kwanza kwenye kipande. Vipande nilikuja navyo, vya karatasi ileile. Karatasi ya mkono haina unene mmoja, hapa nene, pale unaona mwanga, kwa hiyo nguvu inashushwa, kasi inapandishwa, na bora leza ipite mara mbili kuliko kuisukumia moto mara moja. Nikamwomba pia awashe pampu ya hewa, ile inayopuliza moto na moshi pale leza inapokata. Jibu lake: "Kazi yangu naijua." Akaacha vipimo vilevile vya reksini, akabonyeza.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, kusema kweli. Halafu karatasi ikajikunja pembeni, ikainuka, na kimoto kidogo cha manjano kikaanza kuifuata leza kwenye nakshi, tundu moja hadi jingine. Akafungua kifuniko na kukizima kwa kitambaa alichofutia grisi. Kwa kitambaa cha grisi! Palipopona moto pakabaki na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

"Karatasi yako ndiyo mbovu," akasema, na akadai pesa, maana kwao malipo ni kwa dakika na mashine imeshatembea. Nikalipa kwa simu, na ada ya kutolea juu yake.

Hapa ndipo maoni yangu yanapoharibika. Dada mmoja aliyekuwa pembeni anagandisha mihuri kwenye vishikio alinifuata hadi kwenye ngazi, akaninong'oneza nirudi jioni, yule akishatoka. Nikarudi, roho nzito. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Kipande cha kujaribia unacho?" Nusura nimkumbatie. Akalaza manila chini ya karatasi yangu nyingine, maana leza ikigonga wavu wa chuma wa meza inarudi juu na kuunguza upande wa chini. Akabana pembe kwa sumaku. Nilipomwuliza kuhusu utepe wa gundi wa kuzuia moshi usitie doa, akakataa: ukiubandua utanyofoa nyuzi. Akawasha pampu, akajaribu, akapunguza nguvu, akajaribu tena. Ukili ukatoka wote, kingo za kahawia hafifu, hakuna tundu lililochanika. Mashine ileile!

Kwa hiyo niwape nyota ngapi? Nilitaka tano, kwa ajili ya dada yule. Kisha nikampigia mwenye duka kumweleza ya asubuhi, nikidhani atashukuru kusikia lenzi yake inaliwa na reksini. Akanijibu kwamba fundi wake ana uzoefu na sisi wanafunzi tuna maneno mengi. Moja, basi. Moja na nusu.

Nina oda ya kadi za harusi, na nitazipeleka palepale, kwa sababu mkono kama wa yule dada sijauona kwingine mjini. Ila napiga simu kwanza niulize nani yuko kwenye mashine. Na pesa ya asubuhi ile bado naidai.