Luxor hadi Aswan kwa meli tukiwa na mtoto wa chini ya miaka miwili: uzoefu wangu

Tangu turudi Mombasa nimeulizwa na wengi swali lile lile: mtoto ambaye hajatimiza hata miaka miwili anapelekwa Misri akaone nini? Farao hamjui, hekalu kwake ni mawe tu. Jibu langu ni kwamba sisi wazazi tulikwenda kuona mahekalu, naye alikwenda kuona mto, punda na paka, na kila mtu alikipata alichokifuata. Katika njia zote za kutalii ninazozijua, hii ya meli ya Mto Nile ndiyo inayomfaa zaidi mtoto mdogo, kwa sababu moja kubwa: kitanda chake hakibadiliki. Mnalala Luxor, mnaamka Edfu, na chumba ni kile kile, mdoli yuko pale pale alipomwacha, hakuna kufungasha wala kufungua mabegi kila siku. Ila ratiba ya meli hizi imetungwa kwa ajili ya watu wazima. Mzazi asipoipunguza mwenyewe, hakuna atakayempunguzia.

Wasiowahi kuzipanda wasifikirie zile meli kubwa za baharini zinazotia nanga Kilindini. Meli za Nile ni za ghorofa nne au tano, chini kabisa ukumbi wa kulia, juu kabisa sitaha ya wazi. Hazisukwi na mawimbi, kwa hiyo mwenye kuogopa kichefuchefu aondoe wasiwasi. Safari ya kawaida ni usiku nne kutoka Luxor kwenda Aswan, au usiku tatu kutoka Aswan kurudi Luxor. Ukiwa na mtoto chukua ya usiku nne, hata kama utalipa zaidi. Vituo ni karibu vile vile, lakini unapata nafasi ya kupumua kati ya kimoja na kingine. Umbali wa mto ni kilomita 200 na kidogo tu, hivyo muda mwingi meli imefungwa gatini. Milo mitatu imo kwenye bei, vinywaji havimo. Mtoto wetu hakutozwa kwa sababu alilala chumbani kwetu.

Kitanda cha mtoto tulikiomba siku tuliyolipa, tukakumbusha kwa barua pepe, na bado tulipofika chumbani hakikuwepo. Kililetwa baada ya chakula cha usiku, cha mbao, imara na safi, lakini wakati huo binti alikuwa ameshalala kifuani kwa baba yake. Ombeni mapema, na mkifika tu, kabla hata ya kunywa ile karkade, kinywaji cha maua mekundu, ya kukaribishwa, ulizeni kitanda kiko wapi. Jambo la pili la kuomba ni chumba cha ghorofa ya kati, mbali na mtambo wa nyuma na mbali na ukumbi wa muziki. Kila meli ina usiku wa galabia, abiria wanavaa kanzu za Kimisri na ngoma inapigwa mpaka usiku mkubwa. Ni usiku mzuri sana kwa asiye na mtoto wa kulala saa mbili.

Kuna jambo ambalo sikulisoma popote kabla ya kwenda, nalo ndilo lililotuhangaisha zaidi. Gati hazitoshi, kwa hivyo meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne, wakati mwingine tano. Ikiwa yenu ni ya nje, kwenda nchi kavu ni kupita katikati ya meli zote za wenzenu: unatoka mlango wenu, unavuka daraja fupi la chuma, unaingia mapokezi ya meli ya pili, unatoka mlango wa upande wa pili, daraja jingine, mapokezi mengine. Kati ya meli na meli unayaona maji meusi chini. Kigari cha mtoto hapo ni mzigo. Mimi nilimfunga binti mgongoni kwa leso, mikono yote miwili ikabaki huru kushika vyuma, na wahudumu wakazoea kututangulia wakisema "habibti, habibti", yaani kipenzi, huku wakinyoosha mkono kwa ajili yangu. Kigari tulikipeleka, tukakitumia kwenye hekalu la Karnak na uwanja wa ndege basi. Mwenye leso mbili imara au mbeleko ya kushonwa hatakihitaji.

Meli zikishafungana hivyo, dirisha lenu linatazama dirisha la jirani, na moshi wa dizeli unaingia. Fungeni dirisha, pandeni juu.

Sitaha ya juu ndipo tulipoishi. Kabla ya kulipa, mwombe wakala akutumie picha ya vyuma vya ukingoni na uitazame kwa makini, kwa sababu meli hazifanani. Yetu ilikuwa na vyuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, na mtoto anaviona kama ngazi. Hatukumwachia mkono hata mara moja tukiwa kule juu, tukawa tunapokezana. Bwawa la kuogelea lilikuwa na maji baridi mno kwa mtoto, na kwa miezi ya Desemba hadi Februari meli nyingi haziyapashi moto. Tulimjazia maji ya vuguvugu bafuni, yakamtosha. Mtoni asiingizwe hata vidole, kichocho tunakijua sisi wenyewe kwetu.

Lakini saa za kusafiri, yaani zile saa meli inapokwenda taratibu mchana, hizo ndizo ningelipia tena na tena. Mashamba ya miwa na mitende yanapita karibu kabisa. Nyati wa kufugwa wamezama hadi shingoni, juu yao yangeyange. Mdiria anasimama hewani akipiga mbawa kisha anajitupa majini, na binti anapiga kelele "tena!" kana kwamba ndege yule anamsikia. Baba yake alimwambia kwamba sehemu ya maji haya ilipita Jinja, Uganda, kabla ya kufika hapa. Ni kweli, ingawa maji mengi yanayofika Misri hutoka nyanda za juu za Ethiopia. Alipochoka alilala kwenye kiti kirefu chini ya turubai, nasi tukanywa chai kwa utulivu ambao mzazi wa mtoto wa umri huo haupati nyumbani.

Esna ilimfurahisha kuliko hekalu lolote. Pale mto umezibwa, na meli inaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa, maji yanapandishwa, halafu inatoka upande wa juu. Kungoja zamu kunaweza kuchukua saa nyingi. Wakati tunangoja, wachuuzi walikuja kwa mashua za makasia, wakajifunga kamba ubavuni mwa meli, wakaanza kurusha vitambaa vya meza, kanzu na mitandio iliyotiwa kwenye mifuko ya nailoni mpaka sitaha ya juu. Ukipenda unatia pesa ndani ya mfuko na kuurusha chini, usipopenda unawarudishia mali yao. Mfuko mmoja ulitua karibu na miguu ya binti. Akauokota, akaukumbatia, akakataa kuutoa. Mchuuzi akamwona kutoka kule chini, akacheka, akafungua mikono kuashiria achukue tu. Tulimlipa, bila shaka, baada ya mabishano ya bei yaliyopigwa kwa kelele kutoka ghorofa hadi mashuani. Ni kijigalabia cha buluu chenye nakshi ya dhahabu shingoni, bado anakivaa.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Kuna wali kila siku, supu laini ya dengu za rangi ya chungwa, mtindi, mayai, ndizi, mkate wa baladi, ule wa Kimisri, wa motomoto, na ful, yaani maharage yaliyopikwa mpaka yakawa rojo. Nilibeba unga wa uji wa wimbi na mpishi alikubali kutupikia kila asubuhi nilipomwonyesha mara ya kwanza jinsi unavyokorogwa. Saladi na matunda ya kuoshwa hatukumpa, maji yalikuwa ya chupa hata ya kupigia mswaki. Chakula cha usiku ndicho kinachochelewa, hivyo tulikuwa tunamhifadhia sahani tangu mchana. Nepi na maziwa ya unga nunueni Luxor mjini kabla ya kupanda, kwani melini haviuzwi. Paketi kadhaa za chumvi za kuongeza maji mwilini ziwe kwenye begi la mkononi. Na kwa wazazi wenzangu wa pwani wanaouliza kuhusu malaria: Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Misri kuwa haina malaria Oktoba 2024, kwa hiyo chandarua tulikiacha nyumbani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiiache.

Kuhusu vituo. Tulilipia mwongozaji na gari letu wenyewe badala ya kufuata kundi, na kwa maoni yangu hapo ndipo pesa ya ziada inapopaswa kwenda, si kwenye chumba kikubwa. Kundi halimngoji mtoto anayetaka kuketi chini na kuhesabu sisimizi. Mwongozaji wako anangoja, tena wetu aliketi naye.

Karnak nendeni mapema, saa kumi na mbili asubuhi kunapofunguliwa. Ule ukumbi wa nguzo 134 ni uwanja wa kujificha na kutafutana ambao hakuna mtoto atakayeuchoka, na asubuhi hiyo bado kuna kivuli. Upande wa magharibi wa mto ni mgumu zaidi. Bonde la Wafalme halina miti, na makaburi mengi yana ngazi na mteremko, ndani hewa ni nzito. Tiketi ya kawaida inaruhusu makaburi matatu. Sisi tuliridhika na moja pamoja naye, la Ramses IV, kwa sababu njia yake ni pana na mteremko ni mdogo, kisha tukapokezana kwa yaliyobaki, mmoja ndani, mmoja kivulini na mtoto. La Tutankhamun, lile aliloligundua Howard Carter mwaka 1922, lina tiketi yake ya pekee.

Kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut mimi niliomba zamu yangu iwe ndefu. Kwenye ukumbi wa ngazi ya kati, upande wa kusini, kumechongwa safari ya majahazi aliyoyatuma nchi ya Punt: nyumba zilizosimama juu ya nguzo, miti ya ubani iliyong'olewa na mizizi yake ikabebwa kwenye vikapu kuingizwa chomboni. Wataalamu wengi wanaiweka Punt katika Pembe ya Afrika. Mtu aliyekulia nyumba inayofukizwa ubani kila Ijumaa akisimama mbele ya ukuta wenye umri wa karibu miaka 3,500, akaona ubani unapakiwa, anaelewa kwamba bahari yetu na mto wao vimejuana zamani sana. Nilitamani binti angekuwa mkubwa nimweleze. Alikuwa amelala mgongoni.

Edfu hufikiwa kwa magari ya farasi kutoka gatini. Farasi wengi niliowaona walikuwa wamekonda, barabara ina msongamano, na hakuna cha kumfungia mtoto. Tulichukua teksi. Hekalu lenyewe limehifadhika mno, na mlangoni kuna sanamu ya Horus, mungu mwenye umbo la mwewe, ya jiwe gumu la matale ambayo binti aliiita kuku, akaiaga kwa mkono.

Kom Ombo ni kituo bora kwa mtoto. Meli inafungwa chini ya hekalu lenyewe, ni kutembea kidogo tu, na meli nyingi hufika jua likizama au likiwa limeshazama, taa zimewashwa. Hekalu ni la miungu wawili, Sobek wa mamba na Horus, na pembeni kuna makumbusho yenye mamba waliokaushwa kama walivyokaushwa wafalme. Chumba ni cha baridi, mamba wako nyuma ya kioo, mtoto anawaona vizuri. Tuliporudi chumbani mhudumu alikuwa amekunja taulo zikawa mamba juu ya kitanda, na macho ameyatengeneza kwa vifuniko vya chupa. Siku hiyo hatukumlaza kwa urahisi.

Aswan, hekalu la Philae liko kisiwani na linafikiwa kwa boti ndogo. Mawe yake yalihamishwa moja baada ya jingine katika miaka ya 1970 hadi kisiwa cha Agilkia ili yasimezwe na maji, na likafunguliwa tena mwaka 1980. Dai jaketi la kuokolea la ukubwa wa mtoto kabla hujakanyaga botini. La kwanza tulilopewa lilikuwa la mtu mzima, tukakataa, likapatikana dogo boti ya pili. Usikubali kuharakishwa hapo. Kijiji cha Wanubi, chenye nyumba za buluu na manjano, ni ziara ya jioni inayopendeza, ila wana desturi ya kukuonyesha mamba wadogo na kukuwekea mikononi, na mtoto wangu sikumruhusu.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Mchana jua ni la kuvumilika, usiku sitaha inakuwa baridi ya sweta na soksi. Kuanzia Mei usimpeleke mtoto, joto hupita nyuzi 40. Tengeni pia pesa ndogo ndogo za bakshishi kila siku, kwa dereva, kwa mbeba mizigo, kwa mwenye boti. Za wahudumu wa meli hukusanywa pamoja siku ya mwisho.

Abu Simbel, kwenye mahekalu yaliyochongwa mwambani, tuliigawana. Iko karibu kilomita 300 kusini mwa Aswan, magari huondoka kabla ya alfajiri na kurudi mchana, na sioni faida ya kumfunga mtoto wa umri huo kwenye kiti cha gari kwa saa zote hizo jangwani. Baba yake alikwenda, mimi na binti tukabaki melini na uji wetu. Zamu yangu tumeiweka akitimiza miaka saba, na safari hiyo tutaanzia Aswan kurudi Luxor, usiku tatu.