Game Pass Ultimate: nani alipe, nani aache

Tarehe 13 Oktoba 2023 Microsoft ilikamilisha kuinunua Activision Blizzard, kampuni ya gemu za Call of Duty, kwa dola bilioni 68.7. Mwaka uliofuata Call of Duty: Black Ops 6 ikaingia Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia kwa mwezi na kucheza maktaba ya gemu za Xbox, siku ileile ilipotoka, yaani gemu ya dola 69.99 ikageuka sehemu ya kifurushi. Pengo la mapato kama hilo halizibiki lenyewe. Oktoba 2025 Ultimate, daraja la juu la Game Pass, ikapanda kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, kwa bei ya Marekani.

Piga hesabu. Kwa bei hiyo ya Oktoba 2025, mwaka ni dola 359.88, wakati gemu tano mpya za dola 69.99 ni 349.95, na hizo tano zinabaki zako. Usipomaliza angalau sita kwa mwaka, tena kati ya zile zinazoingia siku ya kwanza, kwa bei hiyo unapata hasara. Asiyecheza gemu nyingine zaidi ya Call of Duty ainunue tu.

Kwa mwenye subira, daraja la kati, Premium ya dola 14.99 kwa mwezi, ndilo lenye thamani. Gemu za Microsoft huingia humo ndani ya mwaka mmoja tangu zitoke, isipokuwa Call of Duty, ambayo haimo kwenye ahadi hiyo. Daraja la chini, Essential ya 9.99, linamfaa anayetaka hasa kucheza na wenzake mtandaoni kupitia Xbox.

Kucheza kwa wingu, yaani gemu ikiendeshwa kwenye seva za Microsoft na kukufikia kwa mtandao, kunahitaji kasi ya intaneti ya Mbps (megabiti kwa sekunde) 20 hivi, na waya ni bora kuliko Wi-Fi. Mtandao ukiyumba picha huchakaa, lakini kinachoudhi zaidi ni kitufe kuchelewa kuitikia: kwenye gemu za risasi umeshauawa kabla hujafyatua.

Kinachouma ni studio, yaani timu zinazotengeneza gemu. Hi-Fi Rush ya Tango Gameworks iliingia Game Pass Januari 2023 ikasifiwa sana. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga studio hiyo, na Krafton, kampuni ya gemu ya Korea Kusini, ndiyo iliyoiokoa. Ukilipia maktaba, unategemea watu wa aina hiyo waendelee kuajiriwa.

Gemu pia huondoka kwenye orodha. Ulipofikia panahifadhiwa, ila hufungui tena mpaka uinunue, basi inunue ikiwa bado imo, kwa punguzo la wanachama. Ukiitaka gemu moja, lipia mwezi mmoja, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo kwenye akaunti yako ya Microsoft, uimalize kabla siku hazijaisha.