Kuomba Mkopo wa Chuo Ukiwa Rungwe: Masharti Mazuri, Makaratasi Mengi

Mkopo unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni huduma ambayo ningemshauri mzazi yeyote wa Nyanda za Juu Kusini amhimize mwanawe aiombe, na nasema hivyo baada ya kumsimamia binti wa kaka yangu, anayeishi kijijini wilayani Rungwe, tangu matokeo ya kidato cha sita yalipotoka hadi alipopangiwa fedha zake. Hata hivyo, mkopo wenyewe ni jambo moja na kazi ya kuuomba ni jambo jingine. Mkopo naupa alama za juu. Uombaji, hasa kwa anayeishi mbali na mji, naupa alama za wastani.

Nianze na masharti. Zamani deni lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, na walimu wenzangu waliosoma kwa mkopo huo walikatwa mshahara mwezi baada ya mwezi huku salio likipungua kwa kusuasua. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza hatua hiyo katika sherehe za Mei Mosi jijini Mwanza, na sasa deni halikui kwa sababu tu miaka inapita. Makato ya mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8 ya kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016. Kwa mwalimu anayeanza kazi bado nakiona kiwango hicho kuwa kizito, lakini angalau mtu anaweza kukaa na kalamu akahesabu atamaliza lini.

Fedha hupangwa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi hawalijui kwa jina jingine zaidi ya bumu, lilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwanafunzi aliyepanga chumba Iyunga, karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, akawa anajipikia, atajikimu. Anayekula mgahawani asubuhi, mchana na jioni ataanza kukopa kwa wenzake kabla fungu lijalo halijafika. Kwa upande wa ada, familia isitarajie kulipiwa yote, kwa kuwa uwezo wa kila mwombaji hupimwa na wengi hupata sehemu tu.

Ugumu uko kwenye vielelezo. Maombi yanajazwa kwenye mfumo wa mtandaoni, ada ya maombi ni shilingi 30,000 inayolipwa kwa kumbukumbu namba, na hadi hapo mambo ni mepesi hata kwa mwenye simu ndogo yenye intaneti ya kusuasua. Lakini cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe kwanza na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na cheti cha kifo vilevile kwa aliyefiwa na mzazi. Hapo ndipo herufi moja inapoweza kumkwamisha mtu. Tuseme shuleni jina la ukoo limeandikwa Mwakyusa na kwenye cheti cha kuzaliwa likasomeka Mwakiusa: kijijini hakuna atakayeona tofauti, ila kwenye uhakiki hayo ni majina ya watu wawili, na kuyalinganisha kunataka kiapo au hati ya kubadili jina, yaani nauli ya kwenda na kurudi mjini na malipo ya wakili. Namba ya mtihani ya kidato cha nne nayo lazima iwe ileile iliyotumika kuomba chuo, kwa sababu ndiyo inayounganisha maombi ya mkopo na udahili. Aliyerudia mtihani na ana namba zaidi ya moja achague mapema atatumia ipi kote.

Kisha fomu inachapishwa, mdhamini anatia saini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji anagonga muhuri, kamishna wa viapo anathibitisha, na kurasa hizo zinarudishwa kwenye mfumo. Kwa wakazi wa Mwanjelwa au Soweto, jijini Mbeya, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa wa kijijini, mtendaji huenda yuko msibani (na misiba ya kwetu haiishi mchana mmoja), wakili yuko mjini Tukuyu, na mashine ya kuskani iko Tukuyu pia. Dirisha la maombi huwa wazi kwa kawaida hadi mwishoni mwa Agosti. Miaka mingine huongezwa siku, lakini si busara kuzitegemea.

Kwa sababu hiyo wengi wetu huishia kwenye steshenari, nami nina neno juu ya hizo. Ile tuliyoianzia, ambayo sitaitaja, ilijaza namba ya simu ya duka na baruapepe ya duka mahali pa mwombaji, kwa hiyo nywila ilipohitajika tulilazimika kumbembeleza kijana wa kaunta aifungue baruapepe hiyo kwa wakati wake. Aidha, ukurasa wenye muhuri waliuskani ukawa mweusi kiasi kwamba jina la kijiji halikusomeka. Mwombaji adai kuona namba yake mwenyewe kwenye skrini kabla ya kulipa, na afungue kila faili lililopakiwa alitazame kwa macho yake. Mwenye kuweza kufika jijini anufaike na ofisi ya kanda ya Bodi iliyoko Mbeya, ambako kuuliza hakulipiwi.

Majibu hutolewa kwa awamu, na kila mwombaji huona kiasi chake kwenye akaunti yake mtandaoni. Asiyepangiwa, au aliyepangiwa pungufu, husubiri dirisha la rufaa, na rufaa isiyo na kielelezo kipya haina uzito.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaliwekei akiba ni wiki za mwanzo chuoni. Bumu la kwanza hutoka baada ya mwanafunzi kusajiliwa na kuthibitisha kwa alama za vidole, ilhali mwenye nyumba wa Iyunga hutaka kodi ya miezi kadhaa kabla hajakabidhi ufunguo. Kaka yangu aliuza parachichi mapema ili kuziba pengo hilo, na fedha hiyo, pamoja na godoro na jiko la gesi, inapaswa kuwa tayari kabla Septemba haijaisha.