Joshua Tree wakati serikali imefungwa: kuingia bure, karatasi za chooni beba zako

Jumamosi ya Desemba 29, 2018 tulitoka Los Angeles alfajiri, mimi, shemeji yangu na binti yangu wa miaka tisa, kuelekea hifadhi ya taifa ya Joshua Tree. Serikali ya Marekani ilikuwa imefunga sehemu ya shughuli zake kwa wiki nzima, kwa kuwa bajeti haikupitishwa. Trump anataka dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani, Bunge halitoi, na watumishi kama 800,000 hawajui mshahara utatoka lini. Mwaka 2013 mvutano kama huo ulipotokea, hifadhi zilifungwa kabisa. Safari hii nyingi ziliachwa wazi, bila watu wa kuzihudumia. Kampuni moja ya matembezi niliyoipigia ilinihakikishia kwamba hakuna anayeingia, nilipie ziara yao ya kwingine. Uongo mtupu.

Getini, kibanda hakina mtu. Siku za kawaida gari dogo ni dola 30. Mimi mtu wa Morogoro, nimezoea geti la Mikumi ambako bila kibali huendi popote, kwa hiyo nilipita huku nachungulia kwenye kioo kama kuna anayetufuata. Shemeji akacheka: "Shem, kanyaga mafuta. Leo harusi haina kadi."

Uzuri wa pale sitauelezea sana, picha zimejaa mtandaoni. Ile miti ya Joshua iliyoipa hifadhi jina ni jamii ya yuka, imejipinda kila mmoja kivyake kama watu waliogandishwa katikati ya ugomvi. Pale Keys View, mita 1,580 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo ulitaka kunivua kilemba, na chini tuliona bonde lote unamopita ufa wa San Andreas, ule mpasuko wa ardhi unaoleta matetemeko. Hilo halihitaji bajeti ya mtu.

Sasa tuje kwenye choo. Nilifungua mlango, nikaufunga. Inatosha. Lakini nje pale palikuwa na pikapu, na mama mmoja wa makamo mwenye glavu za mpira mpaka kwenye kiwiko anashusha mabunda ya karatasi za chooni. Nikadhani ni mfanyakazi. Kumbe ni mkazi wa mji wa jirani, amejitolea, yeye na wenzake wakiwemo wapanda miamba. Nilimpa pole, akanipa mfuko wa taka, akasema ukitoka nao umejaa utakuwa umenisaidia. Tulitoka nao umejaa. Maganda ya machungwa, chupa, na nepi tatu!

Kosa langu mwenyewe: nilitegemea kupata ramani na maji hukohuko. Sehemu kubwa ya hifadhi haina maji hata serikali ikiwa kazini, na simu haishiki mtandao. Njia ya Hidden Valley ni mzunguko wa kilomita 1.6 tu, lakini tulipotea kati ya mawe karibu saa nzima, lita moja ya maji kwa watu watatu. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na baridi inafuata papo hapo. Askari wachache wa doria walikuwepo kazini, ila kwa eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000 sikuona hata mmoja.

Kilichonikera ni wageni wenzangu. Tuliona alama za matairi zimekata jangwani pasipo na barabara. Januari 2 kambi zilifungwa kwa sababu ya vyoo, na baadaye tukasikia kuna miti imekatwa. Mti wenyewe unaongezeka sentimita chache kwa mwaka.

Binti yangu alikuwa amejaza kijitabu cha watoto cha askari wa hifadhi. Ukikimaliza, askari anakuapisha mkono juu, unapewa beji. Hakukuwa na wa kumwapisha. Shemeji alijitolea kushika nafasi hiyo, akavaa kofia yangu, mtoto akakataa kabisa: "Wewe si askari wa kweli."

Nawapa nyota tatu: mbili za mandhari, moja ya yule mama wa glavu. Oktoba 2025 serikali ilipofungwa tena, kwa siku 43, rafiki aliniuliza kama aende. Nilimwambia aende, na maji lita nne kwa kila kichwa, ramani ya karatasi, mifuko ya taka, na choo amalizie kituo cha mafuta.