Kinasa sauti cha kubebeka: kipi kitangulie kwa kazi za nje

Anayerekodi mahojiano kijijini, taarab ukumbini au ndege msituni hana haja tena ya kununua priampu (kikuza sauti ya maiki) peke yake na kigeuzi cha dijitali (kinachogeuza sauti kuwa namba) peke yake. Vyote vimo ndani ya kinasa kimoja kinachoingia kwenye begi dogo. Ila kabla ya kutazama majina ya vinasa, tazama maiki uliyonayo, maana ndiyo inayoamua.

Kwenye karatasi ya kiwanda tafuta kipimo cha kelele ya priampu, EIN. Kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo kinasa kinavyokuwa kimya. −127 dBu (desibeli za kiwango cha umeme) ni nzuri sana. Kwa maiki ya omu 150, fizikia yenyewe huweka ukomo karibu na −131, kwa hiyo usilipe pesa nyingi kufukuzia desibeli moja ya mwisho. Maiki ya kondensa, yaani inayohitaji umeme, kama Sennheiser MKH 416 hutoa milivolti 25 kwa paskali moja ya shinikizo la sauti, na kelele yake yenyewe iko takribani −111 dBu. Priampu ya −127 haiongezi kitu kitakachosikika. Shure SM58, maiki ya kushika mkononi isiyohitaji umeme, ni habari nyingine. Hutoa milivolti 1.85 tu, chini kwa desibeli 22 na zaidi, na sauti ya mazungumzo ya kawaida ya desibeli 60 huingia kwenye kinasa ikiwa karibu −86 dBu. Kwenye priampu ya −115 unabakiwa na nafasi ya desibeli 29 kati ya sauti na mvumo, na mvumo huo utausikia kila msemaji akinyamaza.

Nafasi ya kwanza, kwa watu wengi, tunaipa Zoom F3 ya mwaka 2022. Ina viingilio 2 vya XLR (plagi ya pini tatu ya maiki), kelele ya −127 dBu, fantomu (umeme unaopelekwa kwenye maiki kupitia kebo) ya volti 48, na hurekodi kwa floti ya biti 32, mfumo wa namba wenye nafasi kubwa sana kati ya sauti ndogo na kubwa. Vigeuzi viwili hufanya kazi kwa pamoja kwenye kila kiingilio, kimoja kwa sauti ndogo na kingine kwa kubwa, ndiyo maana haina kitufe cha geini (kiwango cha kukuza sauti). Mnong'ono na kishindo cha ngoma hukaa katika faili moja bila kukatika. Ubaya wake: faili ikifunguliwa inaweza kuonekana tupu au imevuka kipimo, kwa hiyo rekebisha kiwango kwenye programu inayoelewa floti kabla ya kumkabidhi mteja.

Floti nayo haitendi miujiza. Maiki iliyozidiwa na tarumbeta, upepo, au kebo inayonguruma haitatengenezwa na biti zozote.

Ya pili ni Sound Devices MixPre-3 II. Bei yake ni zaidi ya mara mbili ya F3, lakini kwa anayechanganya sauti papo hapo huku kamera zinarekodi, inastahili: viingilio 3, geini hadi desibeli 76, limita za analogi (za kuzuia sauti isivuke kipimo), vifundo halisi vya kuzungusha na taimukodi ya ndani (saa ya kulinganisha sauti na picha). Kasoro yake ni ulaji wa umeme. Betri 4 za AA huisha upesi, hivyo tenga pesa ya kibebea betri za aina ya NP-F (betri kubwa za kamera za video) tangu siku ya kununua.

Zoom F6, ya tatu, ni ya meza ya watu wengi. Ina viingilio 6, floti ya biti 32, na hupokea betri ya NP-F moja kwa moja mgongoni. Vifundo vyake ni vidogo mno kwa kazi ya haraka. Tascam Portacapture X8 inafuata kwa sababu moja nzuri: ina maiki zake, hivyo inafaa kwa anayeanza na mkono mtupu. Visanduku vya USB vya mezani vinavyotegemea kompyuta, viache chumbani.

Umeme ndio unaoharibu kazi nyingi zaidi. Fantomu hufupisha sana maisha ya betri. Tumia AA za kuchaji za Ni-MH, na kwenye menyu chagua aina hiyo ya betri, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Pawabanki nyingi hujizima zinapoona kifaa kinavuta umeme kidogo, basi ijaribu saa nzima nyumbani. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta kwanza.

Kwa kadi, stereo ya floti kwa 48 kHz hula takribani GB 1.4 kwa saa, kwa hiyo GB 32 ni karibu saa 23. Kadi bandia zimejaa madukani: ijaze yote kwa programu ya H2testw, kisha iache isome upya ilichoandika.

Dukani, nenda na maiki yako, kebo na hedfoni za kufunika masikio. Washa fantomu, rekodi dakika mbili za ukimya, tikisa kebo kwenye kila kiingilio huku ukisikiliza mikwaruzo, kisha sogeza simu inayopiga karibu na kinasa usikie kama inaingiza kelele. Pesa iliyobaki inunue manyoya ya kuzuia upepo, hasa kwa kazi za pwani wakati wa kusi.