Piza, rameni au steki: mgahawani ulipie nini kwanza

Pesa ya kula nje hupotea pale mtu anapolipa bei ya mgahawa kwa chakula ambacho sufuria ya nyumbani ingekitoa vilevile. Kwa hiyo kipimo cha mwongozo huu ni kimoja: mgahawa una nini ambacho jiko lako halina? Mwenye tanuri linalofika nyuzi 400, mwenye supu iliyochemka tangu jana, mwenye chumba cha kukaushia nyama, huyo anastahili pesa yako. Mpangilio unaofuata ni wa migahawa ya kawaida ya Kiitalia, ya Kijapani na ya steki, ile ya kwenda bila kuvaa suti, na unaanza na chakula chenye thamani kubwa kuliko bei yake.

Kwanza: piza ya tanuri kali

Oveni nyingi za nyumbani hukomea karibu nyuzi 250 za Selsiasi. Kwa moto huo piza hukaa ndani dakika nane mpaka kumi na mbili, na muda wote huo kinyunya kinakauka, ndiyo maana ukingo hutoka mgumu. Piza ya mtindo wa Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, juu ya sakafu ya tanuri yenye karibu nyuzi 400. Kinyunya hufura ghafla kabla maji hayajakitoka, na ukingo unabaki laini wenye mapovu makubwa ndani. Oveni ya kawaida haikufikishi hapo hata uwe na unga bora kiasi gani.

Ukiingia mgahawa usioujua, agiza margherita. Ni nyanya, jibini la mozzarella, rihani na mafuta ya zeituni, basi. Kasoro haina pa kujificha. Ikifika, inua kipande kimoja utazame chini yake. Madoa madogo ya kahawia na meusi yaliyotawanyika ni dalili njema. Pakiwa peupe, tanuri halikuwa limepata moto, au mpishi aliingiza piza mfululizo bila kuiacha sakafu ishike joto tena. Dimbwi la maji katikati huletwa na mozzarella isiyochujwa au nyanya zilizomwagwa kupita kiasi. Lakini ncha ya kipande ikiinama kwa ulaini, usiirudishe jikoni: ndivyo piza ya Napoli ilivyo. Anayetaka ya kukatika kwa sauti aagize ya mtindo wa Roma, iliyosukumwa nyembamba. Tazama na upana. Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoundwa Napoli mwaka 1984 kulinda upishi huu, kimeweka ukomo wa kipenyo kuwa sentimita 35. Sinia la kushiba watu wanne linaloitwa piza ya Napoli limeazima jina tu.

Usiirundikie vitu juu. Uyoga mbichi, pilipili hoho na nanasi hutoa maji, na sekunde 90 hazitoshi kuyakausha. Tena kula palepale. Ndani ya boksi mvuke huulainisha ukingo kabla hujafika nyumbani.

Pili: rameni

Rameni ni tambi za Kijapani ndani ya bakuli la supu, na kazi yote iko kwenye supu. Ile ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto mkali saa kumi na zaidi, mpaka mafuta na urojo wa mifupa vichanganyike na maji na supu igeuke nyeupe. Gesi utakayoteketeza nyumbani kwa bakuli mbili itakutia hasara, wakati mgahawa hupika pipa zima kwa mkupuo. Ndiyo maana rameni iko juu ya steki kwenye orodha hii, ingawa steki ndiyo yenye heshima.

Watu wengi hukosea kusoma menyu. Shio, shoyu na miso ni majina ya kiungo kinachotia chumvi: chumvi yenyewe, sosi ya soya, au soya iliyochachushwa. Hayakwambii supu imetoka kwenye mifupa ya mnyama gani. Bakuli la shoyu linaweza kuwa na supu ya nguruwe kabisa, na hata supu ya kuku huweza kumalizwa kwa mafuta ya nguruwe juu. Asiyekula nguruwe aulize mambo matatu: mifupa, mafuta ya juu, na vipande vya nyama. Asiyetumia kileo aulize pia kuhusu sake na mirin, maana huingia kwenye michuzi mingi ya Kijapani, teriyaki ikiwemo.

Rameni haingoji maongezi. Tambi zake hukandwa kwa maji yenye magadi, ndiyo siri ya mvuto wake chini ya meno, lakini zinaendelea kuiva ndani ya supu ya moto. Zile nyembamba hulegea ndani ya dakika chache. Ukilazimika kubeba, taka tambi na supu vifungwe mbalimbali.

Tatu: steki

Hapa ndipo panapoliwa pesa nyingi na kujutiwa zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Anza na kipande. Ribai, nyama ya mbavuni, ndiyo chaguo la kwanza: ina michirizi ya mafuta ndani ya mnofu wenyewe, inayeyuka na kuilainisha nyama hata mpishi akizidisha moto kidogo. Saloini inafuata. Ni ngumu kiasi, ina ukanda wa mafuta pembeni. Mwombe mpishi auchome ukanda huo kwanza, nyama ikiwa imesimamishwa, la sivyo utaletewa mafuta meupe ya kutafuna bure. T-boni ni vipande viwili kwenye mfupa mmoja, saloini upande huu na sarara upande wa pili. Tatizo lake ni kwamba sarara huiva upesi, basi mara nyingi upande mmoja unakuwa tayari na mwingine umepitiliza. Kwa viwango vya wizara ya kilimo ya Marekani, kipande kinachoitwa porterhouse lazima upande wake wa sarara uwe na upana wa angalau inchi 1.25, yaani sentimita 3 na kitu, wakati T-boni inaruhusiwa nusu inchi. Bei zikikaribiana, chukua porterhouse, na ukumbuke kuwa mfupa nao umepimwa.

Sarara tunaiweka mwisho, na tunajua wengi hawatakubali. Ni laini kuliko zote na ghali kuliko zote, lakini msuli huo haufanyi kazi kubwa na mafuta yake ni kidogo, kwa hiyo ladha yake ni hafifu. Ndiyo sababu huletwa na mchuzi mzito pembeni. Inamfaa mwenye meno mabovu. Mwenye hamu ya nyama anunue ribai.

Uzito wa kwenye menyu ni wa nyama mbichi. Gramu 300 hupoteza takriban robo motoni, na ukitaka iive kabisa hupoteza zaidi. Uliza na unene, swali ambalo wateja wachache huuliza. Chini ya sentimita 2 mpishi hawezi kukupa nje kahawia na ndani pawe pa waridi, awe hodari namna gani, kwa sababu joto hufika katikati kabla ngozi ya nje haijashika rangi. Taka sentimita 3 au zaidi.

Kuhusu kuiva, maneno huchanganya, kwa hiyo eleza rangi ya katikati. Nyekundu ya uvuguvugu ni kama nyuzi 50; nyekundu inayoelekea waridi, 55; waridi, 60; kahawia moja kwa moja, 70 kwenda juu. Kwa ribai nyuzi 55 hadi 60 ndipo mafuta yanapoanza kuyeyuka vizuri. Maji mekundu kwenye sahani si damu. Ni maji ya msuli yenye protini iitwayo mayoglobini. Ukipenda iliyoiva kabisa, agiza bila aibu, ila iwe ribai. Nyama ikifika, kata katikati papo hapo ukague mhudumu akiwa karibu. Iliyopungua moto hurudi jikoni ikaongezwa. Iliyopitiliza haina dawa, na malalamiko baada ya kula nusu hayana uzito.

Kuna swali moja la usalama. Baadhi ya jikoni hulainisha nyama rahisi kwa kuitoboa kwa visu vidogo au sindano. Bakteria waliokuwa juu husukumwa ndani, na nyama hiyo haifai kuliwa ikiwa nyekundu katikati. Uliza, na ukijibiwa ndiyo, itake iive kabisa. Baga ni hivyohivyo: nyama ya kusaga ifike nyuzi 71.

Neno linalopandisha bei ni “iliyokaushwa”. Nyama inayotundikwa kwenye chumba baridi chenye hewa kwa wiki tatu au zaidi hupoteza maji, vimeng’enya vyake huilegeza, na ladha inakolea. Lakini nyama iliyokaa ndani ya mfuko wa plastiki nayo huitwa ya kukomazwa. Hiyo hulainika tu. Uliza siku ngapi, na kama ni hewani au mfukoni. Kobe nayo ni nyama ya ng’ombe wa ukoo wa Tajima kutoka jimbo la Hyogo, Japani, na kila mmoja ana namba ya utambulisho yenye tarakimu 10 ambayo mgahawa unaweza kukuonyesha. Baga ya Kobe usiilipie: ukishasaga, ile michirizi iliyogharimiwa imekwisha.

Nne: sushi

Tazama wali kabla ya samaki. Uwe na uvuguvugu wa mwili, punje zikishikana bila kubondeka. Wali baridi na mgumu umetoka kwenye friji, na mgahawa unaoweka wali wa sushi kwenye friji haufai kuaminiwa na samaki. Agiza nigiri, tonge la wali lenye kipande cha samaki juu, au chirashi, bakuli la wali lililopangwa samaki juu. Mizingo iliyokaangwa na kumwagiwa mayonesi huficha samaki ambaye ndiye unayemlipia.

Tangazo la “samaki hajawahi kugandishwa” lisikuvutie. Kwa salmoni kugandisha ndiko kunakoua minyoo aina ya anisakisi. Mwongozo wa Marekani unataja nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Sushi ya mkanda unaozunguka, iliyoanza Osaka mwaka 1958, ni nafuu na inafaa, mradi uende saa za wateja wengi au uagize moja kwa moja kwa mpishi. Na ukiona “jodari mweupe”, uliza ni samaki gani hasa. Mara nyingi ni eskola, ambaye mafuta yake ni ya nta isiyomeng’enyeka na huendesha tumbo. Japani imepiga marufuku kumuuza.

Tano: tambi za Kiitalia

Ziko chini kwa sababu unaweza kuzipika mwenyewe. Gramu 100 za tambi kavu, lita moja ya maji, gramu 10 za chumvi, dakika kumi. Lipia zile zenye kazi: zilizokandwa kwa mkono, zilizojazwa, au zenye mchuzi wa nyama uliopikwa nusu siku. Carbonara ya Roma ni yai, jibini la pecorino, pilipili manga na shavu la nguruwe. Ikija na krimu, mpishi ameogopa yai kukatika. Rizoto, wali wa Kiitalia unaopikwa kwa supu, huchukua kama dakika 18, kwa hiyo ikifika mezani baada ya tano, ilikuwa imepikwa nusu tangu asubuhi.

Chochote chenye mafuta ya trufu, ule uyoga ghali wa chini ya ardhi, kipite. Mengi yake ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa harufu ya maabara. Trufu halisi hukunwa mezani mbele yako na huuzwa kwa gramu, basi uliza bei ya gramu kabla mhudumu hajaanza kukuna.