Miezi nane na AC ya inveta ya BTU 12,000: mashine iko poa, fundi wa kufunga ndo kila kitu

Nimekaa na hii AC miezi nane sasa, msimu wa joto wote umepita nayo, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona. Ni split ya kawaida ya ukutani (yuniti moja ndani, nyingine nje), BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza), inveta, yaani inabadili spidi yenyewe, gesi yake R-32, iko chumba cha mita 4 kwa 4 ambacho dirisha lake linapigwa na jua la jioni. Kampuni siitaji maana shida niliyopata haikuwa ya mashine.

Mwezi wa kwanza ilinitesa sana. Unawasha, inapuliza kaubaridi kidogo afu hewa inakuwa kama ya feni tu, nashusha rimoti mpaka 16 na bado najifuta jasho. Nikamwita fundi aliyeifunga, akasema gesi imeisha, akajaza, wiki tatu hivi ikarudi palepale. Sasa hapa naomba tuelewane jamani, gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka tu, ndani nje ndani nje, kwenye mabomba yaliyofungwa, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na kujaza bila kupatafuta ni kumwaga hela, mwezi ujao mtaonana tena.

Fundi wa pili hata mtungi hakuushika kwanza. Alifungua yuniti ya nje, akapitisha kidole kwenye nati za mabomba akanionyesha mafutamafuta, akapaka povu la sabuni, tukakaa tunaangalia, vipovu vikaanza kujitokeza kimoja kimoja pale kwenye nati ya bomba nene. Mdomo wa bomba ulikuwa umetanuliwa vibaya, umekaa upande. Akakata, akatengeneza upya, akafunga vakyum pampu, ile ya kunyonya hewa na unyevu wote mabombani, kama nusu saa, akaizima akaangalia kama mshale wa geji unabaki pale pale, ndo akaweka gesi kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye lebo. Yule wa kwanza pampu hakuja nayo kabisa! Na hilo si jambo dogo, hewa ikibaki mle presha inapanda na kompresa, ile pampu inayokandamiza gesi, inafanya kazi ya punda, unyevu nao ukikutana na mafuta ya kompresa unazaa asidi inayoitafuna taratibu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepima na kipimajoto, hewa inayoingia juu ya mashine na inayotoka chini zilipishana nyuzi 4 tu. Baada ya matengenezo inaingia 28 inatoka 15. Chumba kinakaa sawa ndani ya nusu saa hata jua likiwa dirishani.

Wengi tunadhani AC inatengeneza baridi, kumbe inachofanya ni kubeba joto la chumbani na kulitupa nje. Gesi inafika ikiwa majimaji, inapita kwenye njia nyembamba, presha inashuka ghafla, basi inachemka ndani ya koili (mabomba yaliyopindwapindwa ya yuniti ya ndani) hata kama chumba chenyewe ni nyuzi 28 (R-32 kwa presha ya kawaida inachemka kwenye nyuzi kama 52 chini ya sifuri) na ikichemka inanyonya joto la hewa inayopita. Kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, ndo joto linakubali kutoka. Weka mkono mbele ya feni ya nje, ule moto ni wa chumba chako pamoja na wa umeme uliotumika. Kwa hiyo ukiibana yuniti ya nje kwenye kona isiyopitisha hewa unaiua, itakuwa inavuta moto wake yenyewe.

Kilichonifurahisha kuliko baridi ni unyevu. Usiku mmoja wa fukuto nilikinga bomba la maji, asubuhi nusu ndoo! Maji yote hayo yalikuwa hewani tunayopumua, na ukiyatoa unalala vizuri hata kwenye 26. Hata AC ya kwanza kabisa ya umeme, ya Willis Carrier mwaka 1902, ilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn ambako karatasi zilikuwa zinanyonya unyevu zinatanuka na rangi hazikai mahali pake.

Inveta nayo naisifia. Ile ya zamani ilikuwa inajizima inajiwasha usiku kucha, unasikia kishindo kila mara, hii chumba kikishapoa kompresa inapunguza spidi tu na kuendelea polepole. Kelele ya ndani hamna, ya nje ipo kidogo ikiwa imekazana.

Ninavyolaumu: taa ya namba mbele haizimiki, inamulika chumba kizima usiku. Na filta zinachafuka haraka mno, mimi naziosha kila wiki mbili, niliwahi kuacha mwezi na nusu nikakuta barafu kwenye koili kwa sababu hewa haikuwa inapita.

Naipa nyota nne. Anayetaka kununua, siku ya kufunga simama pale pale, na fundi akija bila vakyum pampu mwambie akaifuate kwanza ndo afungue valvu za kuachia gesi iingie mabombani.